Maneno Chini ya Utepe

Kwa jina Lake aliyeitandaza ardhi akaichora njia, aliyeipa miguu ya waja Wake nguvu ya kwenda na kuipa mioyo yao uzito wa kuachana, sura hii inaanza. Rehema na amani zimfikie Mtume Wake na jamaa zake wema. Na baada ya hayo, watu wa kisa hiki ni wanne, nao wawekwe kila mmoja mahali pake kabla hawajaanza kusemezana.

Wa kwanza ni Aloyo binti Okeny, msichana wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa ualimu wa michezo pale Kyambogo. Alikuwa mrefu, mwepesi wa hatua, na kicheko chake kilianzia machoni kikachelewa kufika midomoni, kana kwamba kiliomba ruhusa njiani. Alikuwa amejiandikisha katika msafara wa watu kumi na wawili waliokusudia kutoka Kampala hadi Mombasa kwa baiskeli, kilomita elfu moja na mia na ushee, kwa siku kumi. Bahari hakuwa ameiona ila katika picha.

Wa pili ni baba yake, Sajini Okeny, Mwacholi wa Kitgum, mstaafu wa jeshi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mlinzi wa ghala ya vifaa, na sifa yake ni kwamba hakikupotea mikononi mwake hata kifungo cha shati. Mkewe aliitwa na Mola wake, Aloyo akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo mzee huyu alimlea bintiye kama alivyoilea ghala: kwa orodha, kwa kufuli, na kwa mapenzi ambayo hakuyataja.

Wa tatu ni Hajati Kaltumi, Mnubi wa Bombo, mjane wa askari, jirani wa ukuta mmoja hapo Makindye. Yeye ndiye aliyemsuka Aloyo nywele, akamfundisha kupika, na akamsikiliza mambo ambayo binti hamwambii baba. Mikono yake haikupumzika; ilisuka sinia za ukili za rangi nne, duara ndani ya duara, hata alipokuwa akigombana na mtu.

Wa nne ni Kasereka, fundi wa baiskeli, kijana wa miaka ishirini na minane kutoka Butembo huko Kongo, aliyehamia Kampala pamoja na dada yake Julienne, muuza vitenge wa soko la Owino. Kibanda chake kilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumba ya Sajini. Watu wanne hao walikuwa na lugha nne za nyumbani, kwa hiyo Kiswahili, kila mmoja na chake, ndicho kilichokuwa mlango wa kuingiliana.

Miezi minane kabla ya siku tunayoisimulia, Aloyo alimpelekea Kasereka gurudumu lililopinda. Akarudi kulichukua. Kisha akarudi kuuliza kama linahitaji kuangaliwa tena, nalo halikuhitaji. Tangu hapo, hapakuwa na juma ambalo baiskeli ile haikuugua ugonjwa fulani, na hapakuwa na ugonjwa ambao fundi hakuutibu kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Walizungumza juu ya breki, juu ya minyororo, juu ya milima ya Butembo na tambarare za Kitgum. Juu ya lile lililowakalisha pale mpaka jua likapungua, hawakuzungumza. Msichana alingoja aambiwe. Kijana alingoja ujasiri.

Msafara ulipokaribia, Kasereka alimsukia Aloyo magurudumu mapya mawili kwa mikono yake, spoki kwa spoki, na jambo moja alilolifanya katika gurudumu la nyuma hakumwambia mtu.

Sajini naye alikuwa amekwisha kutoa amri yake.

"Jumamosi nitakagua," alimwambia bintiye. "Kila kitu kiwe chini ya jua. Kimoja kikikosekana, ama kimoja kikiwa kibovu, baiskeli inarudi ndani na wewe unarudi nayo. Na yule fundi awe hapa. Mtu aliyetengeneza kitu ndiye anakijibia."

*

Basi siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, blanketi la kijivu la jeshi lilitandikwa katikati ya ua, baina ya tangi la maji na kamba ya nguo. Juu yake Aloyo alikuwa amevipanga vitu vyake kwa safu nne zilizonyooka. Sajini alisimama mbele ya safu ya kwanza, daftari mkononi, miwani puani, shati limepigwa pasi hadi mikono yake ikawa na makali. Kasereka alisimama kando ya baiskeli, amevaa shati lake la kanisani. Hajati Kaltumi alikuwa amekaa juu ya mkeka wake karibu na ukuta, sinia mapajani, na uso wa mtu aliyekuja kusuka tu.

"Pampu," akasoma Sajini.

"Ipo, Baba."

"Inatoa hewa?"

Aloyo akaielekeza kwenye kiganja cha baba yake, akaisukuma. Sajini akatikisa kichwa, akatia alama.

"Viraka na gundi."

"Vipo."

"Soksi."

"Jozi nne."

"Siku ni kumi."

"Nitafua, Baba."

"Utafua wapi? Barabarani?"

"Afande," Hajati akasema bila kuinua macho, "mtoto anakwenda pwani kutazama maji. Haendi vitani."

"Hajati, mimi nimeona watu wengi walienda matembezi wakarudi bila viatu. Ni mimi niliwapa vingine." Akageuza ukurasa. "Kioo cha kujitazama."

Aloyo akazipitia safu nne kwa macho.

"Kioo," Sajini akarudia.

"Baba, nitakuwa juu ya baiskeli. Nani atanitazama?"

"Mtu akiingia mji wa watu lazima ajitazame kwanza."

Hajati akaingiza mkono katika mkoba wake wa ukili, akatoa kioo kidogo cha duara, akakitupa juu ya blanketi kikatua mwisho wa safu ya tatu. "Kipo," akasema. "Tena usiniulize kama kinaonyesha. Kinaonyesha mno, ndiyo maana nakigawa."

Aloyo akacheka, na macho yake yalipokuwa bado yanacheka yakapita juu ya Kasereka, yakakaa hapo kidogo. Kijana akayapokea kwa sura ya mtu aliyepewa kitu chenye moto akasahau kukitua. Sajini aliona. Mlinzi wa ghala huona kila kitu kinachobadilisha mikono.

"Baiskeli," akasema, na sauti yake ikawa chini kidogo.

Akaizunguka mara tatu. Akabonyeza breki. Akavuta mnyororo. Kisha akainyanyua nyuma, akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likaenda, likaenda, likawa kama limesimama kwa kuzunguka kwake, bila kuyumba kushoto wala kulia, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya nyuki aliye mbali. Hajati Kaltumi akaacha kusuka.

"Huyo anasuka kama sisi," akasema. "Tazama pale spoki zinapokutana. Hakuna hata moja inayomsukuma mwenzake."

"Ndiyo, iko sawa," Sajini akakubali. Akaliacha gurudumu lisimame lenyewe. "Sasa fungua."

"Nifungue nini, Afande?" Kasereka akauliza.

"Tairi. Hii ya nyuma. Nataka kuona ndani."

Mkono wa kijana, uliokuwa juu ya kiti cha baiskeli, ukatulia. "Ndani iko tyubu tu, Afande."

"Kitu hakijafunguliwa, hakijakaguliwa."

Aloyo alimtazama fundi wake na akajua kwamba kuna jambo. Hakujua ni jambo gani. Alidhani pengine ni kazi isiyokamilika, pengine ni aibu ya mafundi ambao hawapendi kazi yao ivuliwe nguo mbele za watu. Huruma ikamshika, akasema upesi, "Baba, tairi ni jipya. Likitolewa sasa linaweza kulegea, na kesho ni safari. Si ndivyo, Kasereka?"

Mlango ulikuwa huo, wazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Lilitakiwa neno moja tu, nalo ni ndiyo. Sajini asingejua, kwa kuwa ghala yake haikuwahi kuwa na matairi ya namna ile. Kasereka akaitazama miguu yake, akamtazama Aloyo, na katika mtazamo ule mlikuwa na kuaga na kuomba radhi pamoja.

"Hapana," akasema. "Halilegei. Linafunguka."

Akapiga goti. Akalichomoa gurudumu, akalitoa hewa, akaingiza vijiti viwili vya kutolea tairi, na tairi likamvukia ukingo wa ringi kwa utiifu. Akaitoa tyubu, akailaza juu ya blanketi. Ikabaki ringi na utepe mwekundu ulioizunguka kwa ndani.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?"

"Ni utepe, Afande. Unafunika matundu ya spoki, tyubu isikatike."

"Toa."

Kasereka akafumba macho kidogo, akautoa.

Pale chini, katika mfereji wa ringi, palikuwa na maneno. Yaliandikwa kwa wino mweusi usiofutika, kwa mwandiko mdogo uliopita katikati ya tundu na tundu, ukilizunguka gurudumu zima. Sajini akasogeza miwani, akalishika gurudumu kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa sauti ile ile ya kusomea orodha, huku akiligeuza polepole.

"Nimelisuka... kwa ajili ya... Aloyo," akasoma. "Nam..."

Gurudumu likaendelea kugeuka mikononi mwake, na midomo yake ikawa inasogea bila sauti.

"Nam nini, Baba?" Aloyo akauliza, na sauti yake haikuwa yake.

"Soma, Afande," akasema Hajati Kaltumi. "Orodha haisomwi nusu."

Sajini hakusoma. Alimaliza mzunguko mzima, akarudi alipoanzia, ndipo akamwinulia fundi uso.

"Wewe kijana. Baiskeli ya binti yangu ni ubao wa kuandikia?"

Kasereka hakuwa akimtazama Sajini tena. Alikuwa anautazama utepe mkononi mwake, akaigeukia tyubu iliyolala juu ya blanketi, akaiokota, akaipitisha kati ya vidole vyake kama mtu anayevuta tasbihi. Vidole vikasimama.

"Afande," akasema, "kabla hujanifukuza, iko kosa ingine. Kubwa kupita hilo."

"Kubwa kupita hilo?"

"Angalia hapa." Akaielekeza tyubu juani. Juu ya ngozi yake nyeusi palikuwa na alama mbili ndogo za duara, moja kando ya nyingine, kama zilizobonyezwa na vidole vya mtoto. "Hizi ni tundu mbili za spoki. Utepe ulihama. Tyubu imekuwa inaingia ndani ya tundu, kidogo kidogo."

"Ulihama kwa nini?"

"Kwa sababu yangu. Gurudumu nilikuwa nimekwisha kulimaliza, Afande. Lilikuwa zuri. Kisha nikalifungua tena, kwa ajili ya kuandika. Nikarudisha utepe ule ule, na gundi yake ilikuwa imekufa. Nilipaswa kuweka mpya. Sikuweka. Nilikuwa nafikiria maneno, sikufikiria kazi."

Mbali, upande wa soko, mtu alikuwa akinadi nyanya.

"Na ingekuwa nini?" Sajini akauliza taratibu.

"Ingepasuka. Pengine Lugazi, pengine mbele. Barabara tambarare angesimama tu. Kwenye mteremko, na lori nyuma..."

Sajini akavua miwani. Akaichukua ile tyubu, akazigusa alama zile mbili kwa kidole gumba, moja, ya pili.

"Mimi sikuziona hizi," akasema.

"Najua, Afande."

"Nilikuwa nimekasirikia maneno. Ningekufukuza, na hii ingerudi ndani kama ilivyo."

"Ndiyo, Afande."

"Ungenyamaza, hakuna mtu angejua ni kosa lako."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukunyamaza?"

Kasereka akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Kwa sababu ni yeye atakaa juu yake," akasema.

*

Sajini Okeny alikwenda hadi kwenye tangi la maji, akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu, akarudi. Wakati huo wote Aloyo alikuwa ameliokota gurudumu. Alilikalisha mapajani, akaligeuza kwa ncha za vidole, akasoma, na hapa sisi nasi tusome pamoja naye:

*Nimelisuka kwa ajili ya Aloyo. Nampenda. Yeye hajui. Limfikishe baharini, na akipenda limrudishe Makindye. Mimi nipo.*

Akalisoma mara ya pili, kwa kuwa gurudumu halina mwisho na anayelisoma hapati pa kuachia. Mara ya tatu machozi yakamtoka, na kicheko kikayafuata pale pale, vikakutana mashavuni.

"Yaani," akasema, "miezi minane nakuletea baiskeli isiyo na ugonjwa. Miezi minane nakaa kwenye kile kigoda chako kinachouma. Na wewe ukaamua kuniandikia mahali ambapo sipaoni mpaka nipate pancha?"

Kasereka akakwaruza shingo. "Niliona itakuwa vizuri."

"Kumbe ulikuwa unaniombea pancha."

"Moja tu. Ndogo. Upande wa Voi, karibu na bahari."

"Kwa nini mbali hivyo?"

"Ili kama utakasirika, uwe umekwisha kuchoka."

Hajati Kaltumi akafunika uso kwa sinia yake, mabega yakatikisika. Hata Sajini midomo yake ilipinda upande mmoja kabla hajairudisha kwenye mstari.

"Aloyo," akaita. "Wewe ulijua habari hii?"

"Maneno sikuyajua, Baba. Mtu nilimjua."

"Na unataka nini?"

Akasimama, gurudumu mkononi, urefu wake wote. Alikuwa na macho ya mama yake, na Sajini, ambaye kwa miaka kumi na tano alijizuia asilitaje jambo hilo, alilazimika kuyatazama.

"Nataka kwenda baharini," akasema. "Na nataka kurudi Makindye."

Sajini akamgeukia kijana. "Wewe ni mtu wa Kongo. Ukoo wako uko mbali. Siku ya kuzungumza, nani atakaa hapa aniambie wewe ni mtoto wa nani?"

"Niko na yaya, dada yangu mkubwa, Afande. Julienne, wa Owino. Na wajomba wako Butembo, wanaweza kuja."

"Na mimi nitakaa upande wake," akasema Hajati.

"Wewe Hajati ni wa upande wangu."

"Siku hiyo nitahamisha mkeka."

"Umeshauhamisha," Sajini akamjibu. "Mimi naona tangu Pasaka wewe unampelekea chapati za gurusa huyu kijana, na kwangu unaleta zile zimeungua."

"Zile zilizoungua ni zako kwa sababu hujasema asante hata siku moja. Yeye husema kabla hajala."

Sajini akakohoa. Akalitazama blanketi, safu zake nne, kioo cha Hajati kikiwaka jua mwisho wa safu ya tatu. Alipozungumza tena, alizungumza akiwa ameyaelekeza maneno kwa vile vitu, kwa kuwa kwa vitu alikuwa na mazoea.

"Miaka ishirini na saba mafundi waliniletea kazi. Bunduki, redio, magari. Kila mmoja aliniambia, Afande, iko sawa. Nikatia sahihi. Nyingine hazikuwa sawa, na watu waliopewa hawakurudi kuniambia." Akalifunga daftari. "Leo mara ya kwanza fundi ananiambia, Afande, kazi yangu ni mbovu, na mimi sikuwa nimeona."

"Niko nasikitika, Afande."

"Usisikitike. Lete utepe mpya."

Kasereka hakungoja neno la pili. Alikwenda mbio hadi kibandani kwake akarudi anahema, utepe mpya mkononi na tyubu mpya begani. Alipopiga goti na kuchukua kitambaa chenye mafuta ya taa, Sajini akamshika kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Nafuta maneno, Afande."

"Nani amesema ufute? Kitu kikiandikwa katika ghala hakifutwi." Akachomoa kalamu katika mfuko wa shati, ile kalamu nene ya wino mweusi ambayo kwa miaka ishirini na saba iliamua nani ataondoka amevaa nini. "Kinatiwa sahihi."

Akaliweka gurudumu juu ya goti lake. Akatafuta nafasi baina ya tundu na tundu, baada ya yale maneno *Mimi nipo*. Na hapo, kwa mwandiko wa askari, herufi zimesimama wima kila moja, akaandika: *Imekaguliwa. Okeny, Sajini.*

Akapulizia wino ukauke.

Aloyo alimkumbatia baba yake shingoni, naye mzee akasimama amenyoosha mikono pembeni kama aliye gwaridani, mpaka mkono mmoja ukakaidi amri, ukapanda, ukamgusa bintiye mgongoni mara mbili. Kasereka akautandaza utepe mpya juu ya maandishi yote mawili, lake na la mzee, akiubana kwa kidole gumba tundu kwa tundu, na hakuna tundu alilolipita bila kulirudia.

*

Alfajiri ya Jumapili, adhana ilipokwisha na anga la Makindye likawa na rangi ya chai ya maziwa, Aloyo alikuwa mlangoni amevaa kofia ya kuendeshea. Wenzake walikuwa wakimngoja chini barabarani. Benedicte, kiongozi wa msafara, alikuwa amekwisha kupiga kengele ya baiskeli yake mara mbili. Katika mkoba wa nyuma mlikuwa na chupa ya odi, siagi ya ufuta na karanga ambayo Sajini aliisaga mwenyewe usiku bila kumwambia mtu, na soksi jozi kumi.

"Utapiga simu jioni," Sajini akasema. "Kila jioni, saa kumi na mbili. Utapiga kwangu."

"Ndiyo, Baba."

Akamgeukia Kasereka bila kumtazama sawasawa. "Na wewe, kama unataka kumsikia, utakuwa hapa saa kumi na mbili kasorobo. Utakaa kwenye kile kiti. Nitaweka sauti kubwa, sisi wote tusikie."

"Hata mimi?" Hajati akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Wewe husikia hata bila simu."

Aloyo akasukuma baiskeli hadi langoni, na Kasereka akaenda naye, mkono wake juu ya kiti, kama alivyoutua jana.

"Ningekufikisha mpakani," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini karatasi yangu ya kusafiria bado haijapewa ruhusa ya kuvuka. Ningefika Malaba nikuone unaniacha. Afadhali uniache hapa, nyumbani, mahali utarudi."

"Nikuletee nini?"

"Maji ya bahari. Kwenye chupa ya odi, ikiisha."

"Baba atayakagua."

"Ayakague."

Akacheka. Akamshika mkono, mbele ya baba yake, mbele ya ukuta wa jirani yake, mbele ya Benedicte aliyekuwa akipiga kengele mara ya tatu, akaubana, akauachia. Kisha akapanda. Gurudumu la nyuma likazunguka kwa ile sauti yake ya nyuki, likabeba ndani yake maneno ya wanaume wawili waliompenda, likateremka mlima wa Makindye, likakunja kona, na vumbi jepesi likatua mahali alipokuwa.

Wakasimama langoni, mzee na kijana, hakuna aliyejua mikono aiweke wapi. Hajati Kaltumi akatoka kwake amejitanda, akawatazama mmoja mmoja.

"Wanaokwenda wameombewa na kila mtu," akasema. "Padri ameomba, imamu ameomba, wenzao kule barabarani wameomba. Na ninyi, nani kawaombea?"

Akainua viganja vyake, vilivyokuwa bado na rangi ya ukili, na kwa shairi la namna aliyofundishwa kupanga akiwa msichana katika madrasa ya Bombo, akaomba:

*Waendao waendao, Mola wape usalama,*
*Na hawa wabakiao, uwatilie huruma,*
*Zifupishe siku zao, zisiwachoshe kupima,*
*Hata wakutane nao, wakiwa wote wazima.*

Sajini akavua kofia, Kasereka akainamisha kichwa, na wote wawili wakaitikia amina.